Mzee Naye Aulizwe
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo na vyama vya kitume, Bariadi



Ndugu zangu wapendwa, nimeombwa niseme nanyi juu ya haki. Tunapolitaja neno hilo katika mikutano ya tume yetu, mawazo hukimbilia mahakamani, kwenye mipaka ya mashamba, kwenye bei ya pamba na mizani ya kuipimia, kwenye uchaguzi na rushwa. Hayo yote ni mambo yetu, nasi hatuna budi kuyasemea. Lakini leo naomba tuingie ndani ya ua wa nyumba zetu wenyewe. Humo yupo mtu ambaye kila siku anafanyiwa mambo mengi bila kuulizwa, na watu wanaomfanyia hayo wanampenda. Huyo ni mzee aliyepatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Nitafuata njia mliyoizoea katika jumuiya: kuona, kuamua na kutenda.

KUONA

Niruhusuni nianze nyumbani kwetu, maana asiyekiri kosa lake hafai kuwafundisha wenzake.

Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba na mfugaji. Alipokaribia miaka 80 alianza kusahau. Kwanza yalikuwa majina ya majirani. Baadaye akawa anauliza swali moja mara tatu kabla ya chai kupoa. Kila jioni, kama alivyofanya tangu ujana wake, alisimama mlangoni mwa zizi akihesabu ng'ombe, na hesabu ikawa haimkubali.

Mwaka huo mvua zilikatika mapema, chakula kikawa haba. Sisi wanawe tulikaa usiku tukaamua kumuuza maksai mmoja, yule aliyezoea kutangulia kwenye plau. Sababu yetu ilikuwa njema: tulihitaji fedha za chakula na za kumpeleka baba mwenyewe hospitali. Mmoja wetu aliuliza, "Tumwambie mzee?" Nikajibu mimi, mkubwa wao, "Ya nini? Kesho atakuwa amesahau." Maksai akapelekwa mnadani.

Jioni iliyofuata baba alisimama mlangoni mwa zizi. Yeye aliyekuwa amesahau jina la mtoto wangu hakumsahau maksai wake. Aliuliza, tukamdanganya kwamba yuko malishoni. Usiku ule, watu wote walipolala, alitoka kwenda kumtafuta. Walinzi wa usiku walimkuta yapata saa nane, amesimama ndani ya zizi la mtu mwingine, mbali na kwetu, akigusa migongo ya ng'ombe mmoja mmoja na kunong'ona namba.

Ninyi wenyeji wa huku mnajua maana yake. Mzee, usiku wa manane, katika zizi lisilo lake, katika mwaka wa ukame, na kila anachoulizwa anajibu lisiloeleweka. Walimfunga kamba. Wengine walikwisha kutamka lile neno. Kilichomwokoa ni sauti yake tu: kijana mmoja katika kundi lile aliitambua, kwa kuwa baba ndiye aliyemfundisha kushika plau alipokuwa mtoto. Akasema, "Huyu namjua, huyu ni mgonjwa." Asubuhi walimrudisha nyumbani akiwa na alama za kamba mikononi.

Ndugu zangu, walinzi wale walikosea, lakini kosa la kwanza halikuwa lao. Lilikuwa langu mimi niliyesema "atasahau". Ni kweli alisahau mengi, lakini hakusahau kwamba yeye ndiye mwenye mji.

Ugonjwa huu ni nini? Madaktari huuita dimenshia. Uzee wa kawaida si dimenshia, nayo si laana, wala haitokani na uchawi, uwe wa mgonjwa mwenyewe au wa aliyemroga. Ni hali inayotokana na ubongo kuharibika polepole. Aina inayojulikana zaidi ni ile iliyopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya kichwani kuziba au kupasuka, na mara nyingi humfuata mtu mwenye shinikizo la damu lisilotibiwa au aliyepatwa na kiharusi. Mgonjwa husahau mambo ya jana huku akikumbuka ya ujanani, hupotea njia aliyoipita miaka yote, hukosa maneno, huchanganya usiku na mchana, mara nyingine huwa mkali au mwenye shaka kwa watu wake.

Wengine hudhani ni ugonjwa wa Wazungu. Sivyo. Mwaka 2010 watafiti walipita katika vijiji 6 vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakawafikia wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Walikadiria kwamba kati ya kila wazee 100 wa umri huo, 6 hivi wana ugonjwa huu. Hao ni wakulima wa vijijini kama sisi. Duniani kote Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55, na walio wengi kati yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Basi kiongozi wa jumuiya anayesema "kwangu hayupo", labda hajatembelea nyumba zote, au labda mgonjwa alifichwa chumba cha nyuma siku alipopita.

Kwetu Simiyu jambo hili lina uzito wa pekee. Watanzania wengi hututania kwa jina la Gamboshi, kijiji cha Wilaya ya Bariadi, wakikiita makao makuu ya wachawi. Sisi wenyewe hucheka. Lakini wapo wanaolipia mzaha huo kwa damu yao. Tangu zamani katika Usukuma bibi vizee wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, ambayo ni matokeo ya moshi wa jikoni wa miaka mingi. Au kwa sababu wanasema peke yao. Au kwa sababu walionekana nje usiku. Mchumi mmoja wa Marekani, Edward Miguel, alichunguza vijiji 67 vya Wilaya ya Meatu, jirani zetu, kwa miaka ya tangu 1992 hadi 2002. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2005 alionyesha kwamba katika miaka ya mvua mbaya, iwe ya ukame au ya mafuriko, mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi yaliongezeka mara mbili hivi, ilhali mauaji mengine hayakuongezeka. Karibu wote waliouawa walikuwa wanawake wazee. Tulitafakari hilo. Kama uchawi ndio ungekuwa sababu, ungejali vipi mvua? Njaa inapoingia, kinywa kisichozalisha huonekana mzigo, na mzigo hutafutiwa jina.

Sasa unganisheni mambo haya mawili. Mzee mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu hutembea usiku, husema peke yake, huingia nyumba isiyo yake, na huweza hata kukubali kosa ambalo hakulitenda kwa sababu hakuelewa swali. Naye akizoea kutoulizwa na kutojibiwa ndani ya nyumba yake, atatoka nje kutafuta majibu.

KUAMUA

Je, Neno la Mungu latuambiaje?

Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, baada ya kufundisha heshima kwa baba na mama, anamgeukia mtoto aliye imara na kumwambia amsaidie baba yake katika uzee. Tena, hata kama akili za baba zitapungua, amvumilie, wala asimdharau kwa sababu yeye mwenyewe bado ana nguvu. Mwandishi huyo aliishi miaka mingi kabla ya hospitali zetu, lakini aliuona ugonjwa huu, na aliiona pia hatari yake kubwa: dharau ya mwenye nguvu.

Katika Injili ya Marko, sura ya 10, Bartimayo kipofu anakuja mbele ya Yesu. Kila mtu pale barabarani aliona shida yake. Umati uliokwisha kumnyamazisha ulidhani unajua linalomfaa. Bwana wetu, ambaye kweli alijua, alimwuliza anataka afanyiwe nini. Alimwuliza kwanza, ndipo akamponya. Kama Yeye aliuliza, sisi ni nani hata tusiulize?

Tena kumbukeni mzee Isaka, katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 27. Macho yake yamefifia, naye anatambua watu kwa kuwapapasa na kwa harufu ya nguo. Mkewe na mwanawe mdogo wanamvika udanganyifu wa ngozi za mbuzi ili apate kutoa baraka kwa yule ambaye hakumkusudia. Mungu aliweza kuandika mema hata katika mistari hiyo iliyopinda, lakini tazameni gharama yake: mzee alitetemeka alipogundua, Esau alilia, Yakobo akakimbia, na ndugu wawili wakaishi mbali kwa miaka mingi. Ni familia ngapi hapa kwetu zimegawanyika kwa sababu ya kidole gumba cha mzee kilichoshikwa na kukandamizwa kwenye karatasi asiyoielewa?

Sheria za nchi nazo hazituruhusu kumhesabu mgonjwa kama asiyekuwapo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka kila anayefanya mapatano awe na akili timamu wakati wa kuyafanya. Na inakubali kwamba mtu ambaye kwa kawaida hana akili timamu anaweza kuwa nayo kwa vipindi. Maana yake ni kwamba karatasi ya shamba iliyotiwa dole na mzee asiyeelewa haina msingi. Na vilevile kwamba ugonjwa peke yake haumfungi mzee mdomo siku zote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika kifungu cha 12 kwamba watu hao ni sawa na wengine mbele ya sheria, na kwamba wapewe msaada wanaouhitaji ili waweze kuitumia haki hiyo. Na Itifaki ya Umoja wa Afrika juu ya haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016, ina kifungu kizima, cha 5, juu ya haki ya mzee kuamua, na kingine, cha 8, cha kumlinda na mila zenye madhara, zikiwamo tuhuma za uchawi.

Najua mtaniuliza: "Mwalimu, mtu aliyesahau hata jina la mke wake ataamuaje?" Swali hili ni la haki, nami nitalijibu kwa mambo matatu.

Kwanza, akili ya mgonjwa huyu si taa iliyozimwa. Ni kama mwezi wa mawingu: hufichika, huchomoza, hufichika tena. Asubuhi aweza kuwa mzima wa kuzungumza, na jioni amechanganyikiwa. Anayemwuliza jioni tu atasema hajui kitu.

Pili, kuamua si jambo moja. Asiyeweza kupima bei ya ekari tano aweza kabisa kuchagua kati ya uji na matobolwa. Asiyejua leo ni siku gani aweza kujua kwamba hataki kuogeshwa na mkwe wake wa kiume. Tusichukue uamuzi mmoja uliomshinda tukamnyang'anya na mingine yote.

Tatu, hata maneno yakiisha, nia haiishi. Anayegeuza uso kutoka kwenye kijiko amesema. Anayeshika nguzo ya nyumba asitolewe amesema. Anayetulia mkono wake unaposhikwa, naye amesema.

Sisi Wasukuma tunasifika kwa heshima. Mtoto humpigia guku wake magoti asubuhi, naye mama mkwe haitwi kwa jina. Lakini heshima ya magoti bila heshima ya masikio ni nusu ya heshima. Tunampigia mzee magoti asubuhi, na mchana tunauza ng'ombe wake. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Hawakuongeza kwamba ni wazee wenye kumbukumbu tu.

KUTENDA

Sasa nitoe mashauri machache. Si magumu, wala hayahitaji fedha.

1. Mwite, ndipo useme. Kaa mbele yake, usimame si nyuma yake. Mwite kwa jina la heshima alilozoea: baba, mayu, guku, au jina la mtoto wake wa kwanza. Usizungumze habari zake na mgeni juu ya kichwa chake kana kwamba ni gunia.

2. Uliza jambo moja, nawe usubiri. "Unataka kula nini, na uvae nini, na twende lini?" ni maswali matatu; yatamchosha. Uliza moja kwa maneno mafupi. Kisha hesabu taratibu moyoni hadi 10 au zaidi kabla ya kurudia. Wengi wetu humwuliza mzee na kumjibia kwa pumzi ileile.

3. Onyesha kwa macho na mikono. Shika khanga mbili, umwonyeshe achague. Weka bakuli la uji na kikombe cha maziwa mgando mbele yake. Vitu viwili vinatosha, vitano vitamchanganya.

4. Chagua saa. Mambo yenye uzito yaulizwe wakati ambao yeye huwa mtulivu, ambao kwa wengi ni asubuhi. Redio izimwe, watoto wacheze nje. Akikataa leo, uliza tena kesho kwa upole. Akikataa siku zote, amekataa.

5. Ijue historia yake. Mama aliyeuza sokoni miaka yote atataka kushika fedha. Mpeni sarafu chache za kununulia chumvi, na mtu amfuate kwa mbali. Mzee aliyechunga atataka kuona zizi jioni. Mcheza ngoma wa Bagika au Bagalu hatafurahi kukalishwa kimya. Anayeuliza kila asubuhi kama ni Jumapili huenda anaomba kupelekwa kanisani. Msikae mkidhani kwamba hatafaidi kitu huko. Wazee wengi waliosahau majina ya wajukuu bado wanaimba nyimbo za Kilatini walizofundishwa wakiwa watoto. Naye Komunyo Takatifu asipewe wala asinyimwe kama dawa. Aulizwe, na ishara yake iheshimiwe.

6. Msimdanganye. Uongo mdogo wa kumtuliza hugeuka mkubwa usiku. Kama maksai ameuzwa, semeni ameuzwa, na kwa nini, na kaeni naye katika uchungu wake. Ikiwa anamwulizia mke aliyekwisha kufariki, hakuna haja ya kumtonesha kidonda kila saa, mwambieni, "Unamkumbuka mayu. Tusimulie habari zake."

7. Mambo makubwa yafanywe mapema na hadharani. Shamba, mifugo, wosia na mahali pa kuishi yazungumzwe dalili za kwanza zinapoonekana, mzee akiwa bado anaeleza nia yake. Wawepo watoto wote, wa kike na wa kiume, ndugu wa ukoo, na mashahidi wasio na fungu katika mali hiyo. Yaandikwe na kusomwa kwa sauti katika lugha anayoielewa, hata ikiwa ni Kisukuma. Wakati huo ukipita, lisilo la lazima liahirishwe. Lililo la lazima, kama fedha za matibabu, liamuliwe na familia nzima wakijiuliza: "Yeye angetaka nini?" Swali lisiwe, "Sisi tunataka nini?" Na hata hapo aelezwe. Mwenye kukamata kidole cha mzee na kukibonyeza kwenye wino ni mwizi, hata akiwa mtoto wa kwanza.

8. Pawepo mipaka, lakini iwe midogo. Kuuliza si kuacha kila kitu. Mgonjwa akitaka kuwasha moto ndani ya nyumba ya nyasi, au kwenda kisimani peke yake usiku, au kumeza dawa zote mara moja, hapana budi kumzuia. Lakini zuieni hatari, msimzuie mtu. Afadhali kiberiti kifichwe kuliko mzee kufungiwa. Afadhali kengele ya mbuzi ifungwe mlangoni kuliko kamba mguuni. Kama anapenda kutembea, atembee mchana pamoja na mjukuu mpaka achoke, naye usiku atalala.

9. Mpelekeni hospitali. Si kila kuchanganyikiwa ni dimenshia. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari, huzuni kubwa na hata baadhi ya dawa huweza kumvuruga mzee akili, na haya yanatibika. Akibadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, ni dharura: apelekwe zahanati au kituo cha afya mara moja, na ikibidi hospitali ya mkoa hapa Bariadi. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo; kiongozi wa jumuiya aulize utaratibu ulivyo sasa na amsindikize mzee dirishani. Dimenshia yenyewe haina dawa ya kuiponya, lakini kutibu shinikizo la damu na kurekebisha macho na masikio humsaidia mgonjwa abaki na uwezo wake kwa muda mrefu zaidi. Pengine mnayedhani haelewi, hasikii tu.

Baada ya hayo, nisiwasahau wanaouguza. Katika nyumba nyingi anayeamka usiku, anayefua na anayelisha ni mkwe, au binti aliyerudi kwao, au mjukuu aliyeachishwa shule. Wenye kauli katika kikao cha ukoo hawafui hata shuka moja. Nawaambieni, wanaume wenzangu, mwenye kuuguza naye ana haki ya kuulizwa. Yeye ndiye anayejua saa ambayo mzee ni mtulivu, chakula anachokikataa na neno linalomkasirisha. Tukimwelemea peke yake hadi achoke, atafikia kumfungia mzee ndani. Na hapo tusimlaumu yeye kwanza.

Kwa sababu hiyo naomba kila jumuiya ifanye mambo matatu. La kwanza, kuwatambua wagonjwa hawa na kupanga zamu, hata saa mbili kwa juma, mtu aketi na mzee ili anayemuuguza apate kwenda sokoni, shambani au kanisani. Ndugu zetu wa WAWATA wanalijua jambo hili vizuri. Wanaume nao walijifunze. La pili, kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa walinzi wa usiku, pamoja na mgonjwa mwenyewe akikubali, ili wamwone uso, walijue jina lake na nyumba yake, na wajue la kufanya wakimkuta njiani: wamsalimie, wasimfokee, wamrudishe. Kwetu kijana mmoja tu alijua, na hiyo ilikuwa bahati. Uhai wa mzee usitegemee bahati. La tatu, popote neno "mchawi" litakapotamkwa juu ya mzee, iwe kilabuni, mnadani au kwa mganga, kiongozi wa jumuiya asinyamaze. Apeleke habari kwa serikali ya kijiji na polisi siku hiyohiyo, wala asingoje kuona kama maneno yatapoa.

Nimalizie habari za baba. Baada ya usiku ule tulikaa tena, safari hii naye akiwamo. Tulimwambia kweli juu ya maksai. Alilia, kisha akanyamaza siku mbili. Tangu hapo mmoja wetu alikwenda naye zizini kila jioni, akahesabu pamoja naye kwa sauti, na hesabu ilipokosewa hatukubishana. Mwaka uliofuata tulihitaji tena kuuza. Asubuhi moja, mbele ya mdogo wake, tulimwingiza zizini, tukaweka mkono wake juu ya mgongo wa mtamba tuliyekusudia, nikamwuliza, "Baba, tumuuze huyu tununue mahindi?" Alitikisa kichwa. Akatembea polepole, akaweka mkono juu ya ng'ombe mwingine, mzee, ambaye bei yake ilikuwa ndogo. Akasema neno moja: "Huyu." Ndugu yangu alinitazama, maana tulijua hasara yake. Tukamuuza huyo aliyechagua.

Jioni baba alihesabu, akakuta pengo, akatutazama. Nikamkumbusha, "Ni yule uliyetuambia." Akasema, "Ndiyo," akaingia ndani akalala. Alilala mpaka asubuhi. Yule mtamba alizaa mara tatu kabla baba hajafariki, na ndiye aliyetupa maziwa ya kumnywesha katika miezi yake ya mwisho. Sisemi kwamba wazee wagonjwa hawakosei. Nasema tu kwamba pale zizini yeye aliona jambo ambalo sisi wenye kumbukumbu zetu zote hatukuliona, nasi tungelikosa kama tusingeuliza.

Nendeni nyumbani mkaulize.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika jumuiya yetu yupo mzee mwenye ugonjwa huu? Mara ya mwisho alipoulizwa jambo na jibu lake likafuatwa ilikuwa lini?

2. Ni mambo gani ya kila siku ambayo tumezoea kumwamulia, ingawa yeye mwenyewe angeweza kuyaamua?

3. Nani anamuuguza? Jumuiya itampunguzia mzigo kwa namna gani, na nani ataanza juma hili?

4. Walinzi wa usiku na uongozi wa kitongoji wanawajua wagonjwa wetu? Kama sivyo, nani atakwenda kuzungumza nao, na siku gani?

5. Je, mimi mwenyewe, nikija kusahau, ningependa watu wa nyumbani mwangu wajue nini juu ya mapenzi yangu? Nimekwisha kuwaambia?